Mshika Fyuzi

Mumewe alikuwa mtunza ghala wa shule, si fundi wa umeme, na mshonaji alimwambia hivyo kila mgeni kabla hajagusa swichi. Katika nyumba yao swichi ya jikoni iliwasha taa ya ukumbini, ya ukumbini ikawasha feni, na ya bafuni haikuwasha kitu, ilikuwepo kwa heshima tu. Mgeni akicheka, mshonaji alinuna. Kumcheka mumewe ilikuwa haki yake peke yake.

Yote yalianza na kikasha cha kadibodi cha kufundishia wanafunzi: betri mbili, waya, kitufe na kengele ndogo. Mwalimu alikikataa kwa kuwa kilikuwa kibovu, mumewe akakileta nyumbani, akakiinamia tangu asubuhi mpaka alasiri. Kengele ilipolia, alikimbia mwenyewe kufungua mlango. Mke wake wa miezi mitatu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwonja asali haonji mara moja. Kutoka kengele alihamia kwenye taa, kutoka taa akaenda kwenye soketi, na mwishowe akafikia kebo ya jiko la umeme, nene kuliko kidole gumba. Hiyo waliipitisha ukutani wawili, yeye akisukuma huku, mkewe akivuta kule, wakilaumiana kwa sauti ambayo majirani waliifaidi vizuri.

Ila alikuwa na sharti moja, na sharti hilo lililetwa na mama mkwe wake. Siku hiyo, miaka ya mwanzo, alichomoa fyuzi kubwa kwenye sanduku la umeme la mlangoni, akaiweka mezani, akapanda kigoda kurekebisha taa. Mama mkwe akaingia, akakuta giza, akaiona fyuzi mezani, na kwa wema wake akairudisha mahali pake. Mkwewe alirushwa hadi ukutani. Alipona, akabaki na kovu kiganjani na mzaha wa maisha, kwamba mama mkwe alikuwa ameshamwona mkwe mwingine.

Tangu hapo hakugusa waya kabla hajaitia fyuzi, kipande cheupe cha kauri kama nusu mche wa sabuni, mkononi mwa mkewe.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usimpe mtu."

"Nimpe nani, na mume ninaye mmoja tu?"

Waliyasema hayo miaka thelathini na sita. Mumewe hakuwa mtu wa maneno matamu, na mshonaji hakuyadai. Mwanamume aliyekuwa akimkabidhi roho yake kila Jumamosi, angemdai nini tena?

Kisha akili ya mumewe ikaanza kwenda kombo. Kwanza zilipotea bisibisi, zikaonekana kwenye gunia la mchele. Halafu yakapotea majina ya wajukuu. Siku moja, fyuzi ikiwa imesharudishwa, mshonaji alikuta mumewe amesahau kuifunga soketi ya chumbani, waya ziko nje, na umeme unapita. Binti yao, muuguzi wa mji wa mbali, alilia kwenye simu.

"Mama, lifungie hilo sanduku kwa kufuli. Nakuomba."

"Nikilifunga, baba yako atabaki na nini?"

"Atabaki hai, mama."

Asubuhi ya Jumamosi mshonaji alikwenda dukani kununua kufuli, na njia nzima alijiona msaliti.

Aliporudi, feni ilikuwa imesimama. Alimkuta mumewe jikoni, amelisogeza jiko, amekaa sakafuni mbele ya kebo ile nene. Bisibisi mkono mmoja, fyuzi mkono wa pili. Mtu wa kusahau jina la mjukuu atashindwaje kuirudisha fyuzi, akasahau kuwa ameirudisha, halafu akaifungua kebo? Alinyoosha kiganja, kama siku zote.

"Nipe nishike."

Mumewe alimtazama kwa adabu, akaifumbata fyuzi.

"Samahani, mama. Hii simpi mtu."

"Ni mimi."

"Usiudhike. Anayeishika ni mke wangu peke yake. Niliwahi kuiacha ovyo, nikarushwa." Akamwonyesha kovu, kama mtu anayemwonyesha mgeni. "Ametoka kidogo. Akirudi tu, naanza."

"Na asiporudi?"

"Siwezi kuanza bila yeye." Akaiweka bisibisi chini.

Mshonaji akaelewa, na kuelewa kukamuuma kuliko yote. Kufuli halikuwa na kazi tena. Mumewe hangeigusa waya yoyote mpaka mkewe arudi, na mkewe alikuwa amesimama mbele yake na kikapu mkononi.

"Yukoje, huyo mke wako?" aliuliza, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Mshonaji. Utamjua kwa mikono, vidole vyake vina alama za sindano." Akatabasamu. "Ana maneno mengi, lakini akishika, ameshika."

Mshonaji aliweka kikapu chini, akakaa sakafuni kando yake, akaitandaza mikono yake miwili mapajani, pale ambapo macho ya mumewe yangeiona. Mumewe aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Hachelewi," alisema. "Kaa tu, mama, tumsubiri."

Wakamsubiri.