Kupiga Hodi Uholanzi

Ukimwandikia mwanafunzi wa kidato cha kwanza anwani ya tovuti ubaoni, anaisoma kama anavyosoma gazeti, kuanzia kushoto kwenda kulia, na akifika kwenye nukta ya pili ameshachoka. Mimi huwazuia. Nawaambia waruke ile http na mikwaju yake miwili, kwani hayo ni makubaliano tu ya namna ya kuzungumza, kisha watafute mkwaju wa kwanza ulio peke yake, ule mstari ulioinama. Hapo wasimame, maana hapo ndipo getini. Halafu nawasimulia habari za mama yangu, na waliokuwa wanasinzia wanaamka.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari na sabuni tulikuwa bado tunashangaa maduka ya Musoma yaliyojaa bidhaa, mara tukaletewa na mtandao. Mwanamke mmoja mfanyabiashara alifungua chumba cha kompyuta karibu na soko. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari hapo mjini, nimeshapelekwa semina moja ya kompyuta, na sikuona haya kuijivunia.

Kaka yangu alikuwa anasoma Uholanzi, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Akapiga simu shuleni kwetu kusema kwamba mtoto analia usiku na mchana, madaktari wamempima na hawaoni kitu. Nilipompelekea mama habari hiyo kijijini, karibu na Nyamuswa, hakushangaa hata kidogo.

"Mtoto haliagi bure," alisema. "Anadai jina."

Kwetu bibi ndiye anayemwangalia mtoto usoni akasema amefanana na nani katika waliotangulia. Jina la kwenye cheti wazazi walikuwa wamempa, na hilo mama hakulijali. Jina la nyumbani ndilo lililomsubiri yeye, na hakuweza kulitoa kwa uso ambao hajauona. Alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Mimi niliona ni imani za kizamani, lakini kaka, aliyenizidi elimu, hakuona hivyo. Barua yenye picha ingechukua wiki kadhaa, kwa hiyo aliiweka picha ya mtoto kwenye ukurasa wake wa chuoni, akanisomea anwani kwenye simu herufi moja moja.

Mama akaja Musoma kwa basi, kavaa kitenge cha kanisani, nikampeleka kwenye kile chumba cha kompyuta.

Hakubali kupelekwa asikokujua, kwa hiyo nilimwonyesha anwani niliyoiandika kwenye karatasi, nikamweleza kabla ya kugusa kitu. Tazama kabla ya mkwaju, nikamwambia, na uanzie mwisho. Herufi hizi mbili ni nchi, Uholanzi, kama yetu ilivyo tz. Nyuma yake ni jina la chuo. Ukiwa nje ya geti unasoma kwa kurudi nyuma, kutoka kikubwa kwenda kidogo. Kompyuta yenyewe haijui chuo kiko wapi, inauliza. Mgeni wetu akitoka Mwanza anashuka Bunda, na pale stendi hawatujui, ila wanajua gari la Nyamuswa. Nyamuswa hawajui nyumba, ila wanajua ukoo unakaa upande gani. Hakuna anayejua yote, kila mmoja anajua wa kuulizwa mbele yake. Mwisho kompyuta inapewa namba, kwa sababu mashine huenda kwa namba. Majina yamewekwa kwa ajili yetu sisi wasahaulifu.

"Si ndivyo watu wanavyofikaga?" mama akauliza, akashangaa kwamba jambo hilo lilihitaji semina.

Baada ya mkwaju, nikaendelea, sasa unasoma kwenda mbele, kama mtu aliyeingia bomani: nyumba ya kaka, chumba ndani ya nyumba, picha ndani ya chumba. Kila mkwaju ni mlango. Nikaanza kuandika anwani yote kwa mkupuo. Mama akanishika mkono.

"Mwenye boma tumemsalimia? Mtu haingiagi chumbani kwa mkamwana wake bila hodi."

Nilimwambia kompyuta haihitaji salamu. Akanitazama jinsi alivyokuwa ananitazama nikiwa mdogo, nami nikafuta mkia wote, nikabakiza mpaka getini. Kwenye kioo yakaja majengo ya chuo, polepole. Mama akasimama, akapiga hodi kwa sauti ya kusikika, akangoja. Watu wa kompyuta nyingine wakageuka. Aibu niliyoona siku hiyo siwezi kuieleza.

Yule mwanamke mwenye duka, ambaye naye bila shaka alikuwa mkamwana wa mtu, akajibu kutoka nyuma ya meza yake, "Karibu, mama, pita." Mama akaketi, akaniruhusu niingie.

Siku zile picha haikuja yote pamoja, ilishuka kidogo kidogo kuanzia juu. Likaja paji la uso. Akasema ni la ukoo wa baba yangu, na hakulisema kwa furaha. Yakaja macho, akasogeza kiti mbele. Kwenye pua mtandao ukakwama, na mimi niliyeona ni imani za kizamani nikajikuta namwomba Mungu umeme usikatike. Kisha ikashuka midomo, ikafuata kidevu chenye kishimo katikati.

Mama akaanza kulia. Alikuwa anamwona mama yake mzazi, aliyefariki yeye akiwa msichana na ambaye hakuacha picha hata moja. Akalitaja jina lile polepole, uso karibu na kioo, kisha akangoja kama alivyongoja getini.

"Mnaona? Halii," akasema. "Amekubali."

Nikataka kufunga ukurasa twende. Akakataa, akisema tulikoingilia ndiko tutakakotokea. Basi nikaifuta anwani kutoka mwisho, picha kwanza, kisha chumba, kisha nyumba, mpaka nikarudi kwenye mkwaju. Njia hiyo nawafundisha wanafunzi hadi leo: anwani ndefu ikigoma, kata mkia kipande kwa kipande, utafika mahali panapofunguka.

Majengo ya chuo yakaja tena. Mama akasimama mbele yake, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaacha lugha ya kwetu, akaongea Kiswahili ili wenyeji wa huko wamwelewe.

"Tunaondoka. Mtoto wa ile nyumba yenu ana jina sasa. Mkimsikia analia, mumwite."

Mwenye duka akajibu kwamba wamesikia.