Maneno Mekundu ya Profesa

Mjukuu wangu aliandika mémoire yake, kazi ya kumaliza université, kwa kidole gumba, ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Kazi yenyewe ilieleza namna sisi watu wa asili ya Kasai tulivyofukuzwa Kolwezi, wakati migodi inaanguka na majirani wakaambiwa kwamba tumekalia kazi zao. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire tu, lakini ku gare, kituo cha treni, nilikuwako. Basi akaniketisha, akauliza nani na nani walifia pale.

Nikamtajia. Tulikaa ku gare majuma na majuma tukingoja treni, surua ikaingia kwa watoto. Nilimpa majina ukurasa mzima, kila mtoto na jina la mama yake na nyumba walimokuwa wanakaa. Jina moja nililitaja bila mama. Alikuwa binti yangu, miaka minne. Alikufa ndani ya wagon tulipokwisha kupita Lubudi. Treni ikasimama kidogo, wanaume wakachimba kwa sahani na mikono kando ya reli, treni ikalia, tukapanda. Hakuna msalaba pale, hakuna karatasi ya kifo ya commune. Nilitaka jina lake liandikwe mahali, mara moja tu.

«Na huyu, Kaku, mama yake nani?» akauliza mjukuu. Kaku ndivyo kwetu mtu anavyomwita bibi yake.

«Andika tu vile. Mama yake sikumujua muzuri.»

Nilisema hivyo kwa sababu profesa aliyekuwa anamwongoza alikwisha kumwonya kwamba shahidi anayelilia mambo yake mwenyewe hafai kitu.

Kazi ile ilikuwa inatembea sehemu tatu. Mjukuu anaandika ndani ya simu, anaituma kwa profesa, profesa anaifungua katika mashine yake ya zamani, kisha inakwenda kwa kijana wa kibanda cha kupigisha chapa, karibu na soko, apange kurasa na kuitoa kwenye karatasi. Mashine hizo hazikuwa zinapatana. Mwanzoni profesa aliandika maonyo yake pembeni, katika vijisanduku. Simu ya mjukuu haikuonyesha hata kimoja. Yeye akafurahi kwamba kazi ni safi, akairudisha vilevile. Profesa akampigia simu, sauti ikatoka mpaka nje ambapo nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo.

«Mademoiselle, mi nafundisha ukuta?»

Tangu siku ile profesa akawa anaandika maneno yake ndani ya kazi yenyewe, katikati ya mistari, kwa rangi nyekundu, ili simu isiweze kuyaficha. Mjukuu anasoma jekundu, anatengeneza, analifuta. Kila zamu anaita kazi jina jipya: mwisho, mwisho mbili, mwisho ya kweli. Kijana wa kibanda alicheka alipotuona tunakuja.

«Mama, mémoire ya mutoto wako inazala kama sungura! Leo tena ngapi?»

«Toa karatasi, we, uache mudomo,» nikamwambia.

Chini ya majina yangu kulikuwa na neno jekundu ambalo mjukuu hakulifuta. Alinieleza baadaye kwamba hakujua amjibu profesa namna gani, akaliacha mpaka mwisho, na mwisho ukafika na haraka yake. Kijana wa kibanda, kwa kutaka kazi ipendeze, aligeuza rangi yote kuwa nyeusi kwa mara moja. Ikafungwa kitabu. Hakuna aliyeisoma tena.

Siku ya kuitetea nilivaa pagne yangu ya Noeli, nikaketi mstari wa pili. Président wa juri, mzee mwenye miwani, akafunua kurasa, akasimama kwenye moja. Akasoma kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Swahili ili ukumbi ucheke vizuri:

«Kichwa cha mwanamuke muzee haiko archive. Maiti iko wapi? Hawa bazee banapendaka kuongeza.»

Ukumbi ukacheka. Mwanamke aliyekaa karibu nami akanigonga kiwiko: «Ee, mama, banakusema weye!»

«Mademoiselle,» akasema président, «nani anaongea hapa?»

Mjukuu akamtazama profesa. Profesa alikuwa anaangalia kucha zake. Kazi ilihitaji sahihi yake, na hakukuwa na profesa mwingine wa kuitia. Bila mtu huyo, miaka mitano ilikuwa imekwenda na maji. Akanitazama mimi. Kisha akajibu:

«Ni mi, Monsieur le président. Ni mi niliandika. Nilikuwa napima ushahidi.»

«Basi chagua. Unamuamini, unafuta hii matusi. Haumuamini, unafuta majina.»

«Nafuta ukurasa muzima.»

Walimpa distinction, alama ya juu. Watu wakapiga vigelegele, wakammwagia poudre ya furaha kichwani mpaka kope zikawa nyeupe, na mimi nikammwagia yangu. Profesa alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

«Mama, umezala mutu ya akili.»

«Aksanti, tata profesa.»

Kesho yake mchana mjukuu alikaa karibu nami akafungua simu. Aligusa ukurasa ule, ukawa wa buluu kutoka juu mpaka chini. Kidole kikangoja.

«Kaku, unakasirika?»

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu. «Futa, mutoto,» nikamwambia. «Diplome haingojake.»

Akafuta. Vitabu vipya vikatoka, vikapigwa muhuri, vikapelekwa bibliothèque, maktaba ya université; vya kwanza vikabaki mikononi mwa profesa.

Jumapili iliyofuata tulichinja kuku wawili kwa ajili yake. Nilikuwa nageuza nyama kwenye mbabula, yeye amekaa kwenye kibao, kitabu mapajani, anakipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Ndipo nilipomwambia.

«Ule mutoto mwenye hakukuwa na mama ku liste yako, alikuwa dada ya baba yako. Ni mi nilimuzala.»

Akaweka kitabu chini. Kisha akashika simu, akatafuta mwisho, mwisho mbili, mwisho ya kweli. Zote alikwisha kuzitupa kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Akakimbia mpaka kibanda. Kijana hutupa kazi zote zilizolipwa, mashine isichoke. Kwa profesa hakwenda. Alirudi amevua viatu, vumbi mpaka magotini.

«Kaku, niambie tena. Majina yote. Naandika sasa, mi mwenyewe, bila profesa, bila mutu.» Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kioo. «Yeye wa kwanza. Aliitwaka nani?»

Jina lilikuwa mdomoni, na sauti ya kuliita, na namna yeye alivyokuwa anaitika.

«Nimesahau,» nikamwambia.

«Kaku, haiwezekane. Weye hausahauke.»

«Nimesahau.»

Hakuna mtu anayenijua kama yeye. Alijua nadanganya, na nilitaka ajue: jina nilimpa mara moja, akalifuta. Alibaki pale ameshika simu mpaka kioo kikazimika. Wageni walipoanza kubisha hodi ku mlango, nikamtuma kwa jirani akaombe viti.