Fundi wa Mbinga aliyepima meli kabla ya kushona magauni

Saa mbili asubuhi, baridi ya Mbinga bado haijaachia, na ndani ya duka la cherehani nyuma ya soko mama mmoja wa miaka hamsini na kitu anaruka ubao.

Haruki kwa mchezo. Amevaa gauni la kitenge ambalo bado lina pini kiunoni, na mbele yake kuna ubao uliosimamishwa sakafuni, kimo cha sentimita ishirini na tano. Fundi amechuchumaa pembeni, futi shingoni, macho kwenye pindo.

“Tena, mama,” anasema fundi. “Na safari hii usishike gauni. Mkononi una sahani.”

“Sahani gani?”

“Ya wali. Jifanye.”

Mama anajifanya ana sahani ya wali, anainua mguu, anavuka. Wateja wawili waliokaa kwenye benchi wanaangua kicheko, naye anacheka. Fundi hacheki. Anachomoa pini moja, anapandisha pindo kidole kimoja, anamwambia arudie.

Fundi huyo anaitwa Notburga Kapinga, ana miaka 47, mzaliwa wa Kigonsera. Ubao wake una kimo kilekile cha kizingiti cha mlango wa ukumbi wa chakula katika meli ya matembezi inayong’oa nanga Mbamba Bay na kuzunguka Ziwa Nyasa kwa siku tatu. Gauni la meli halitoki dukani kwake mpaka livuke ubao huo.

Ukimuuliza kwa nini, hazunguki.

“Kwa sababu niliwahi kuaibisha watu kumi na wawili kwa mpigo,” anasema. “Wote wateja wangu.”

Ilikuwa Julai mwaka jana. Wanawake kumi na wawili wa Mbinga mjini, wengi wao watumishi wa serikali na wastaafu, waliamua kwenda kupumzika ziwani. Kiongozi wao alikuwa Mariana Hyera, muuguzi mstaafu, mwanamke ambaye akisema jambo mjini hapa linafanyika. Kadi za safari zilipofika zilikuwa na mstari mmoja uliowasumbua: abiria wazingatie mavazi ya jioni.

Sasa mwambie mtu wa Mbinga “mavazi ya jioni” uone anawaza nini. Huku jioni ambayo mwanamke anavaa hasa, akapendeza mpaka jirani akose usingizi, ni moja tu: sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mama Mariana alikwenda kwa Notburga, na Notburga akashona alichokijua.

“Nilishona sendofu kumi na mbili,” anasema, kichwa kakishika. “Satini, mkia wa kuburuza, vipande vinavyometameta kifuani. Na mikono nikakata, maana sisi wa milimani tunaamini ziwani ni joto tu, mchana na usiku. Jamani! Hata sijui nilikuwa nawaza nini.”

Jioni ya kwanza wanawake hao walipanda ghorofani kwa kujiamini. Abiria wengine walikuwa wamevaa suruali, kanga, fulana, sweta. Watu walikuwa wametoka safarini siku hiyohiyo, hawajafungua hata mabegi. Ukumbi mzima ukageuza shingo. Kisha mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, “Hongereni sana. Bibi harusi ni yupi?”

Hapo ndipo Mama Mariana, akigeuka kwa hasira ili atoke, alipokanyaga mkia wake kwenye kizingiti cha mlango. Gauni lilichanika kutoka kiunoni hadi chini. Juu ya hayo upepo wa ziwa ulikuwa baridi kama wa Mbinga yenyewe, na mabega yote kumi na mawili yalikuwa wazi.

Mambo hayakuishia hapo. Jioni ya pili wakaamua hawachekwi tena, wakaja wamejifunga kanga na masweta. Kumbe jioni ya pili ndiyo karamu yenyewe. Nahodha anakula na abiria, muziki unapigwa, picha zinapigwa, na abiria wote walikuwa wamechana nywele na kuvaa walichobeba kwa ajili ya siku hiyo.

“Siku ya kwanza tulizidi, siku ya pili tukapungua,” anasema Mama Mariana, ambaye hata leo anaisimulia habari hiyo akiwa amekunja uso. “Siku mbili, makosa mawili. Nilirudi Mbinga nikasema kila mtu ajue aliyetushonea ni nani.”

Na kila mtu akajua. Notburga akaitwa Fundi Mkia. Magauni ya sherehe, yaliyokuwa yakifika kumi kwa mwezi, yakabaki mawili, wakati mwingine hakuna. Akabaki na sare za shule na kubana suruali za wanaume. Mumewe, Egidi, mkulima wa kahawa, alimshauri auze mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo. Notburga akakataa, lakini anakiri kwamba mnunuzi alikuwa ameshampata.

“Nilikaa hapa dukani nasikia watu wanapita wakicheka. Pengine hawakuwa wananicheka mimi. Lakini ukishaaibika, kila kicheko ni chako. Niliumia sana.”

Mwezi wa nne mwaka huu mlango ukagongwa na Beata Ndunguru, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa kahawa kutoka Ukata. Kahawa ilikuwa imewalipa vizuri, na wanachama kumi na wanane walikuwa wamekubaliana kupanda meli ileile mwezi wa nane. Walitaka sare. Mafundi wengine wawili walikuwa wamejaa kazi za harusi.

“Sikumfuata kwa sababu nampenda,” anasema Beata waziwazi. “Nilimfuata kwa sababu alikuwa na nafasi. Na nilimwambia: fundi, nikichekwa mimi, usithubutu kukanyaga Ukata.”

Notburga alijua uzito wa kazi ile. Usiku huo alimwambia mumewe kwamba magauni kumi na manane yakiharibika, anafunga duka na kurudi shambani kuchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayojaa kwenye miteremko ya Umatengo. Asubuhi iliyofuata hakugusa kitambaa. Alichukua futi, daftari na kipande cha kitenge, akapanda basi la kwenda Mbamba Bay.

“Nilimuuliza unakwenda kumpima nani huko,” anasema Egidi. “Akasema meli. Nikamwambia, mke wangu, mafundi wenzako wanapima viuno, wewe unakwenda kupima milango?”

Meli ilikuwa imefunga gatini ikisafishwa. Baada ya kuomba sana akaruhusiwa kuingia, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mwanabibi, mhudumu wa ukumbi wa chakula, aliyekuwa akipiga deki.

“Nilidhani ni mkaguzi,” anasimulia Mwanabibi. “Mama kachuchumaa mlangoni anapima kizingiti, anaandika. Anapima ngazi, anaandika. Nikamwita mwenzangu, nikamwambia, shoga, sijui leo tumekosa nini.”

Notburga alipima kizingiti, upana wa ngazi, nafasi kati ya meza na meza. Alikaa kwenye kila aina ya kiti kilichokuwamo. Halafu akapanda juu, akafunga kile kipande cha kitenge kwenye chuma cha ukingo, akakaa saa nzima kuangalia upepo unakifanya nini.

Lakini kilichomwokoa, anasema, hakikuwa futi. Kilikuwa mdomo wa Mwanabibi, ambaye amewahudumia abiria wa meli hiyo tangu safari yake ya kwanza na ana maoni kuhusu kila mmoja wao.

“Nilimwambia, fundi, jioni hazifanani,” anasema Mwanabibi. “Jioni ya kwanza mtu ananuka barabara. Katoka Songea, katoka Njombe, anataka samaki wake ale alale. Ukimjia na satini unamwonea. Jioni ya pili sasa, ameoga, amelala, anataka kuonekana. Hapo ukimjia na kanga umejionea mwenyewe.”

Notburga alirudi Mbinga na jibu, na wanawake wa Ukata wakalikataa.

Gauni alilowachorea lilikuwa la kitenge, la kawaida kabisa. Linaishia shubiri moja juu ya kifundo cha mguu, mikono inapita kiwiko, pindo limekunjwa mara mbili ili liwe zito upepo usilipandishe. Juu yake kuna joho la lesi linalofungwa kwa vifungo sita vilivyofichwa chini ya kola. Jioni ya kwanza unavaa gauni na sweta yako. Jioni ya pili unafunga joho. Viatu viwe vya chini.

“Tulimpigia kelele,” anakumbuka Beata. “Mmoja akasema, tumevuna, tumeuza, halafu twende ziwani tumevaa kama tunakwenda mashineni kusaga? Walitaka satini. Walitaka viatu virefu. Mimi mwenyewe nilitaka viatu virefu!”

Siku hiyo ndiyo Notburga alipoagiza ubao kwa seremala. Akawaambia wenye viatu virefu waruke mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamejifunga kanga mbili kuwa mkia, na sahani mkononi, sahani ya kweli, si ya kujifanya. Wa kwanza alivuka. Wa pili alianguka kwenye lundo la sare za shule. Wa tatu akavua viatu mwenyewe, akasema, “Fundi, shona unavyojua.”

Alishona wiki sita, kwa shilingi elfu ishirini na tano gauni moja, joho likiwa ndani ya bei hiyo. Mapema Agosti wanawake kumi na wanane walipanda meli, na Notburga akabaki dukani hana la kufanya isipokuwa kuwaza.

Ziwani mtandao huja na kupotea. Jioni ya kwanza ikapita, kimya. Jioni ya pili ikapita, kimya. Asubuhi ya siku ya tatu Egidi alimletea uji, saa nne akaukuta vilevile. “Nilishawasikia wakinicheka,” anasema Notburga. “Nikajiambia, wameshindwa hata kunipigia kunitukana.”

Saa tano na nusu, meli ilipokaribia Liuli, simu ikaita. Alipoipokea hakusikia maneno. Alisikia vigelegele, vya watu kumi na wanane kwa pamoja, mpaka akaisogeza simu mbali na sikio. Akadhani kuna mtu amejifungua melini. Kisha sauti ya Beata ikapenya: “Fundi! Fundi, tumewamaliza!”

Jioni ya kwanza walikula wali na mbasa, samaki wa ziwa hilo, kama abiria wengine wote, wamevaa sawa na watu, hakuna aliyewatazama mara mbili, na hilo peke yake lilikuwa ushindi. Jioni ya pili wakafunga majoho. Saa moja kamili wakaingia ukumbini kwa mstari, kumi na wanane, wakivuka kizingiti bila kuangalia chini.

Mwanabibi alikuwa amebeba sinia la soda. “Niliduwaa nalo,” anasema. “Upepo unaingia, lesi inacheza, gauni limetulia. Watu wakaanza kupiga makofi. Nahodha akasimama. Nami nikawa nampiga kiwiko kila mtu, nasema, fundi wao namjua, yule alipima milango yangu!”

Abiria mmoja kutoka Dar es Salaam alitaka kujua magauni yamenunuliwa duka gani la mjini. Beata alimjibu kwamba yameshonwa Mbinga, na hapana, haliuzwi la mwilini mwake. Walicheza mpaka muziki ukazimwa, na Beata anasisitiza kwamba muziki ndio ulioanza kuchoka.

Picha zilifika Mbinga kabla ya wenyewe. Wiki hiyohiyo benchi la duka likajaa. Sasa Notburga ana oda thelathini na nne za safari ya mwakani, nane kati yake za walimu wa Songea, na magauni ya sendofu yamerudi kwa wingi kuliko zamani. Ovaloki haijauzwa. Ameajiri binti wa kupiga pasi na kutia vifungo, kwa kuwa majoho yanakula vifungo vingi.

Mteja mmoja tu alikuwa hajarudi.

Mwandishi wa makala haya alikuwa dukani Alhamisi iliyopita, mnamo saa nne, Mama Mariana Hyera alipoingia. Notburga alisimama, akaweka mkasi mezani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Mama Mariana alitazama ukutani zilipobandikwa picha za Ukata, akazitazama moja moja, hakuruka hata moja. Kisha akageuka. “Mimi nilikusema mji mzima, Notburga.”

“Ulikuwa na haki, mama.”

“Nilikuwa nayo. Na wewe kadi ile nilikuletea mimi, na mimi ndiye niliyesema sendofu. Hilo sikuwaambia.” Akavua koti, akalitundika msumarini, akanyoosha mikono pembeni. “Haya, nipime. Nimeshalipia nauli.”

Notburga alimpima huku akilia, akakosea kiuno mara mbili, na Mama Mariana akamwambia akazane kwa sababu anasikia baridi.

Mwakani mwezi wa nane fundi mwenyewe atakuwemo melini. Wanawake wa Ukata wamemlipia nafasi, na itakuwa mara yake ya kwanza kulala ziwani. Anataka kuona kazi yake ikiingia mlangoni kwa macho yake mwenyewe, na akirudi anataka kufungua duka la pili Mbamba Bay, karibu na gati, kwa ajili ya abiria wanaofika wakiwa wamebeba nguo zisizofaa.

Kitambaa chake mwenyewe ameshakinunua. Ni lesi ya rangi ya dhahabu, mita sita, na anakiri kuna satini ndani yake. Nilimuuliza ataivaa jioni ipi kati ya mbili.

“Zote mbili,” alisema, akakaa kwenye cherehani yake. “Wengine wakizidi ni aibu. Mimi nikizidi, ni tangazo.”