Nilifuta "Sauti 1" mpaka "Sauti 3" za marehemu baba mkwe nikidhani ni marudio

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Hii si chai ya kutunga. Imenikuta mimi mwenyewe mwaka huu, na mke wangu akipita humu jukwaani ataitambua kabla hajafika aya ya tatu. Nitaandika vipande vipande, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu, kwetu Iringa, naishi Mafiga hapa Morogoro. Mke wangu ni Mluguru wa Kinole, kule juu kwenye mdalasini na machungwa.

Waliooa huko wanajua mkwe anavyotazamwa. Ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo mama mkwe wangu ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye shamba, na ukitaka ukweli hata wanangu ni wa kwao. Mimi ni mgeni wa heshima. Na mgeni wa heshima hatakiwi kuharibu kitu cha watu.

Baba mkwe, Mzee Benedikti, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa la kigango chao tangu mke wangu hajazaliwa. Hakuwa mtu wa kuandika nota. Anatunga kichwani, anawafundisha kwa mdomo, mnarudia mpaka mnashika.

Mwaka jana akaanza kutunga wimbo wa jubilei ya kigango. Akafariki kabla hajamfundisha mtu hata mmoja.

Ila alikuwa ameurekodi kwenye kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, kwenye memori kadi. Kwaya nzima ilijua hivyo na ilikuwa inausubiri. Hapakuwa na nakala nyingine duniani.

Sasa twende.

Matanga yalipoisha, sisi watoto tulimnunulia mama sabufa inayotumia sola, ina sehemu ya flashi na ya kadi. Mama akatoa kadi ya marehemu, akachomeka. Kioo kikaandika "Err". Akatoa, akafuta na kanga, akachomeka tena. Err.

Nilipopanda kumsalimia akaniita pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Neema. Wewe si unafundisha kompyuta?"

"Nafundisha Jiografia mama."

"Lakini kompyuta unayo."

Akafungua pindo la kanga, akanipa ile kadi.

"Humo mna wimbo wa jubilei. Sauti zote zimo, aliniambia mwenyewe. Mwalimu Kalisti na wenzake wanaungoja."

Kalisti ndiye aliyeshika kwaya baada ya mzee.

Wakuu, naomba muitazame vizuri hiyo "sauti zote zimo". Mimi sijawahi kuimba kwaya hata ya shule ya msingi. Nilichosikia ni kwamba rekodi zote zimo humo. Nikaitikia, nikashuka nayo mjini.

Kwenye laptop tatizo lilionekana mara moja. Vile vitochi vinarekodi kwa mfumo wa AMR, na sabufa nyingi za hapa bongo zinataka MP3, basi. Kadi ilikuwa nzima, lugha tu ndiyo hazikuelewana.

Wale wa "ungemwekea tu kwenye simu" nawaona. Mama anataka isikike nyumba nzima, na kwaya ikae isikilize. Simu haitoshi.

Nikapakua programu ya bure ya ku-convert, nikatupia mafaili yote, nikabonyeza. Yakatoka MP3 safi kabisa. Nikaweka kwenye flashi, nikachomeka sabufa yangu ya sebuleni, nikamwita mke wangu asikie sauti ya baba yake.

Ikatoka sauti ya kitoto, inakimbia, kama mtu aliyevuta gesi ya puto.

Mke wangu alinitazama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamsikia analia. Baadaye akaniambia kupitia mlangoni, "Ukimaliza kabisa ndio uniite. Kabla ya hapo sitaki kusikia." Na kweli hakuusogelea tena ule mradi.

Kwa faida ya wengine, AMR ya kitochi imerekodiwa kwa 8000 Hz, na programu ukiiacha yenyewe inakutolea MP3 ya 8000 hiyohiyo. Sabufa nyingine hazijui kuicheza. Ingia kwenye settings, weka 44100, convert upya. Nilifanya hivyo na mzee akarudi na sauti yake, nzito kidogo, na jogoo anawika nyuma. Nilifurahi sana. Nikajiona fundi.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Mafaili mengi yalikuwa mazoezi ya zamani ya kwaya, yana majina yake, Pasaka, Ekaristi, na kadhalika. Lakini manne yalikuwa yanaitwa Sauti 1, Sauti 2, Sauti 3, Sauti 4. Nikajua ni jina ambalo simu inaweka yenyewe ikiwa kwenye Kiswahili.

Nikasikiliza mwanzo wa kila moja. Mtu yuleyule, maneno yaleyale, mwendo uleule. Nikasema mzee alikuwa anajaribu, anakosea, anarudia. Mtu akirekodi mara nne, ile ya mwisho ndiyo aliyoridhika nayo. Nikabaki na Sauti 4, nikaipa jina zuri, WIMBO WA JUBILEI. Zile tatu nikazifuta, AMR zake na MP3 zake, kwa Shift na Delete. Nilitaka mama asichanganyikiwe.

Kisha nikafomati kadi ya mzee ili iwe safi, nikarudishia MP3. Nafasi ilibaki nyingi, nikamjazia zilipendwa, zawadi ya mkwe.

Yaani nilifanya uharibifu huku napiga mluzi.

Jumapili baada ya misa nikapanda Kinole. Mke wangu alikuwa zamu hospitali, nikaenda peke yangu. Nilikuta baraza imejaa. Mwalimu Kalisti, akina mama wa kwaya, wanaume wa besi wamekaa kwenye ngazi. Mama amevaa sare ya kwaya na nywele amesuka upya.

Nikachomeka kadi. Mzee akaanza kuimba.

Mama akaweka mkono kifuani. Mstari wa kwanza, wa pili, halafu wimbo ukaanza kushuka chini, ukabaki huko chini. Wale wa kwenye ngazi wakaanza kutikisa vichwa na kufuatisha. Ulipoisha, Kalisti akanigeukia anatabasamu.

"Hiyo ni ya nne, mkwe. Tuwekee ya kwanza tuanze."

"Ya kwanza ipi mwalimu?"

"Sauti ya kwanza. Ya akina mama."

Mmoja wa wale wa kwenye ngazi akadakia, "Besi tumeshapata yetu, wengine mtafute kazi nyingine!" Wakacheka wote.

Nilielewa palepale. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mzee aliimba mwenyewe sehemu zote za kwaya, moja baada ya nyingine. Mwanzo zinafanana kwa sababu mwanzo wanaimba pamoja, kisha kila moja inashika njia yake. Yalikuwa manne kwa sababu wimbo mmoja una sauti nne.

Nikasema, "Nyingine nilizifuta. Nilidhani ni kurudia."

Kicheko kilikatika. Kalisti alitazama chini. Mama aliinuka, akaingia ndani, na nilipotaka kuaga akatoa sauti tu kutoka huko, "Nenda salama."

Hakuniita baba Neema.

Jambo moja tu nililofanya kwa akili siku ile ni kuichomoa kadi na kuzuia mtu asiiguse tena. Ukishafuta au kufomati, data mara nyingi bado ipo, imeondolewa jina tu, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Laptop niliikatia tamaa, ina diski ya SSD, huko kilichofutwa kimefutwa. Ilibaki kadi. Na kadi ndiyo ile niliyoijazia zilipendwa.

Mke wangu nilimweleza mlangoni kabla sijavua viatu. Akasema, "Kwa nini hukuniuliza? Mtoto gani wa Mzee Benedikti asiyejua sauti nne?" Halafu akavuta kiti, akakaa mbele ya laptop pamoja nami. Nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Nikaendesha programu ya kurudisha mafaili. Ile asilimia inapanda polepole na wewe huwezi kuharakisha chochote. Yakaanza kutoka mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Tunafungua moja, ni Pasaka. Tunafungua jingine, limeoza. Jingine, kikohozi cha mzee na kimya. Mke wangu alikuwa ananishika mkono kila ninapobonyeza.

Sauti ya kwanza ikatoka, nzima. Mke wangu alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Ya tatu ikatoka, nzima.

Ya pili ikatoka. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi. Ubeti wa tatu, mzee anavuta pumzi, anaanza neno la kwanza, halafu mikwaruzo mpaka mwisho. Tulijaribu programu nyingine, na nyingine tena. Mikwaruzo ileile mahali palepale. Kipande kile kilikuwa kimekaliwa na nyimbo zangu za zawadi.

Tulipanda wote wawili kurudisha. Nilimpigia mama magoti, kwetu mwanaume hafanyi hivyo lakini nilifanya. Akasema, "Inuka, weka tusikie."

Tukaweka ya kwanza. Ya tatu. Akasikiliza hajafumba jicho. Tulipoweka ya pili nikaona anaimba taratibu, midomo tu. Mama ni wa sauti ya pili tangu usichana wake, mzee alimkuta kwaya. Ilipofika kwenye mikwaruzo akanyoosha mkono akazima mwenyewe.

Mke wangu akamuuliza kama anakijua kipande hicho.

"Sikijui. Alisema atanifundisha akimaliza kuutunga. Alikuwa anakwenda kuimbia shambani ili nisiusikie."

Kalisti alijaribu kutafuta njia. Kwenye ubeti wa tatu ndipo sauti zinaachana sana, na alikataa kumtungia marehemu kitu ambacho hakukisema. Akaamua sauti ya pili ubeti huo waimbe pamoja na ya kwanza.

Jubilei imepita. Wimbo uliimbwa, kanisa lilisimama, paroko akaomba urudiwe. Ukimuuliza mgeni atakwambia haujapungua kitu.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, nawaona vizuri. Ubeti wa kwanza mama anaimba. Wa pili anaimba. Wa tatu wenzake wote wanahamia sauti ya kwanza, yeye anafunga mdomo na kutazama mbele mpaka uishe.

Siku ile nilidhani amekabwa na machozi. Lakini tumekwenda kusali huko mara kadhaa baada ya hapo, na kila wanapouimba anafanya vilevile. Mke wangu alimuuliza. Akajibu, "Hapo mimi sauti yangu sina. Nasubiri wapite."

Kwangu amerudi kuniita baba Neema, na chakula ananipakulia. Angenitukana ningepumua zaidi.

Funzo ni fupi, wakuu. Ukipewa mafaili ya mtu, hasa wa marehemu, nakili yote kama yalivyo na usifute hata moja, hata kama yanafanana kwa macho yako. Convert nakala, asili iache. Na umuulize mwenye nayo kila jina lina maana gani, hata kama unaona aibu kuuliza.

Kadi ninayo, sijaandika kitu juu yake tangu siku ile. Wataalamu humu mtaniambia data ikishakaliwa hairudi, na nimeshasoma hivyo kila mahali. Bado nauliza. Kama kuna anayejua mtu, chombo, au njia yoyote ya kutoa hata mstari mmoja wa ubeti huo, aandike hapa chini. Nausoma uzi huu kila siku.