Jina Kwenye Kiganja cha Tanvi

Hajira wa Gerezani alikuwa mchora hina, na hina yake haikuwa ya kubahatisha. Bi Shobhana wa Upanga, jirani wa zamani wa mama yake, ndiye aliyemfundisha kupamba mikono ya mabibi harusi wa Kihindu na kulificha jina la bwana harusi, kwa herufi za Kigujarati, katikati ya maua na majani. Siku ya harusi bwana hulitafuta jina lake kiganjani mwa mkewe, na wanawake humcheka mpaka alione.

Kila kazi Hajira aliipiga picha akaiweka mtandaoni. Na kila picha, punde si punde, ilihamia kwenye ukurasa wa Sitara, mwenye saluni Kariakoo, mwanamke ambaye hata kushika koni ya hina alijifunzia ukubwani. Hajira akaanza kuandika jina lake pembeni mwa picha; Sitara akalikata. Akaliandika katikati, Sitara akalifuta, akabandika la kwake. Alipomfuata saluni, Sitara alimjibu huku akitafuna karanga kwamba mtandao hauna mwenyewe. Alipokwenda mahakamani kushtaki, karani akamwuliza kama mikono ile kwenye picha ni yake. Hajira alirudi nyumbani na hasira zake. Mwizi wa kuku hupigwa mawe. Mwizi wa kazi ya mtu huongezewa wateja.

Kisha mama yake Tanvi, bibi harusi mtarajiwa wa Upanga, akamtumia picha, akamwuliza kama anaweza kuchora kama ile. Ilikuwa mikono ya bibi harusi mmoja, Krina, aliyoichora Hajira mwenyewe, na chini yake pameandikwa Sitara. Hajira akajibu kwamba kazi ile ni yake. Mama yule akasema siku hizi kila mtu anasema hivyo, na kazi akampa Sitara.

Sitara akaiweka picha mbele yake, akainakili mkononi mwa Tanvi mstari kwa mstari. Alikuwa ameambiwa alifiche jina la bwana harusi, Manan. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Kigujarati hakukijua hata herufi moja. Zile alizoziona kwenye picha alidhani ni mikunjo ya majani.

Ukumbini, ndoa ikiwa imeshafungwa, Manan akainamia kiganja cha mkewe, wanawake wakicheka. Akaliona jina. Kartik. Vicheko vikakatika. Wakwe wakaanza kuulizana Kartik ni nani, na Tanvi, ambaye hakumjua Kartik yeyote, akalia mpaka wanja ukamchirizika. Sitara, aliyekuja kumpamba, akaulizwa. Akaapa kwamba ule ni ubunifu wake mwenyewe. Bora mtoto wa watu aaibike kuliko yeye kusema ameiba! Bi Shobhana, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, aliutambua mkono wa mwanafunzi wake. Akampigia Hajira simu aje na koni zake.

Hajira aliingia anawaka. Akawaonyesha kwenye simu picha ya mikono ya Krina, mke wa Kartik, na tarehe yake. Wakaelewa. Manan akamfuta mkewe machozi. Mama yake Tanvi akamwomba Hajira abadilishe jina lile, yaishe kimyakimya.

"Nitabadilisha, mama, kwa ajili ya huyu mtoto," alisema Hajira. "Lakini huyu kaniibia hadharani. Yaishe hadharani." Akamgeukia Sitara. "Lete mkono."

Sitara akatazama mlango. Mlangoni alikuwa amesimama mama yake Manan. Sitara akaunyoosha mkono wa kulia.

Katikati ya kiganja, kwa herufi kubwa ambazo Kariakoo nzima inazisoma, Hajira akaandika: HAJIRA. Akamkalisha hapo hapo mpaka ikauke, maana hina ikishakolea haifutiki kwa simu. Ndipo akamwendea Tanvi, akamfunika Kartik kwa maua, akamweka Manan.

Siku zilizofuata Sitara aliwasalimia wateja kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauficha. Wakamwuliza ni dharau gani hiyo, na ikambidi amweleze kila mmoja.