Watoto wa Lori

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika bila viatu, na mkubwa wangu akaniamuru nirudi nikavae soksi. Soksi pia sikuwa nazo. "Basi simama kama mutu iko na soksi," akasema. Nikasimama hivyo, kisigino kwa kisigino, na ndivyo nilivyoajiriwa.

Ninawaandikia ninyi wadogo wa kidato cha kwanza mnaodhani likizo iliumbwa kwa ajili ya usingizi. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na sita na magoti yamechoka, kwa hiyo tulieni mzee wenu awaeleze jinsi kazi ya kutafutia watu vyumba ilivyofanywa Kasese enzi zetu, yaani tangu likizo ya mwaka juzi hadi Jumamosi iliyopita.

Mkubwa wangu alikuwa baba mkubwa wangu hasa, kaka wa baba, lakini mji mzima ulimwita Afande kwa sababu alirudi kutoka jeshini na buti, filimbi, na Kiswahili cha kufokea watu. Ofisi yake ilikuwa baiskeli. Kwenye usukani alining'iniza mfuko wa kufuli, na alipopita barabarani ulilia kama kengele ya ng'ombe, watu wakajua dalali anapita.

"Kuruti! Chumba ni nini?"

"Ni mahali pa kulala, baba mkubwa."

"Baba mkubwa iko nyumbani! Hapa iko afande! Chumba ni mlango. Mlango ni kufuli. Mutu iko na kufuli yake mlangoni, huyo iko na chumba. Wengine wote iko na maneno tu."

Hakukosea. Reli inaishia Kasese, na kila treni iliyofika ilimwaga watu: wa mgodi wa shaba, wa pamba, mafundi, wake waliofuata waume, na waume waliowakimbia wake. Wote walitaka muzigo. Muzigo ni chumba kimoja katika safu ya vyumba chini ya bati moja, ambamo jirani akipiga chafya wewe ndiye unayefuta pua. Milango ilikuwa michache kuliko watu. Chumba kikiachwa asubuhi, kabla jua halijasimama utosini kuna wanaume wanne wameshika bawaba, kila mmoja akiapa kwamba aliahidiwa yeye.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kunusa. Kunusa ni kujua mtu anahama kabla yeye mwenyewe hajaanza kufunga mizigo. Godoro juani si dalili, hata kunguni wanahitaji hewa. Lakini ukimwona mwanamke anamgawia jirani sigiri yake na mkaa bado umo, kimbia ukamwite Afande. Nilikuwa hodari sana wa kunusa, maana hakuna anayemfukuza mvulana anayetafuna muwa ukutani.

Baada ya kunusa ni kuonyesha sura, yaani kumpeleka mpangaji mbele ya mwenye nyumba ili apimwe kama mbuzi wa mahari. Tulimpeleka muuza samaki mmoja wa Kahendero. Alikuwa amejisugua kwa sabuni ya mche tangu alfajiri, amevaa koti la harusi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba akamzunguka mara moja, pua juu, akatuambia, "Huyu ni ngege aliyevaa koti." Tukarudi naye. Mfuko wa kufuli ulilia njia nzima, kwa dharau niliona.

Lakini hata samaki hawakuogopwa kama watoto wa lori. Msamiati huu muushike vizuri. Mpangaji anaonyesha sura akiwa na mtoto mmoja, kasafi, kamepakwa mafuta, kanasema shikamoo. Mwenye nyumba anayeyuka. Kufuli inatiwa. Jumamosi lori linasimama mbele ya nyumba, na kutoka juu ya magunia ya kahawa wanaanza kushuka wengine. Askari polisi mmoja alimshushia mwenye nyumba namna hiyo watoto saba, bibi yao, na beberu wa bibi. Tangu siku hiyo wenye nyumba wa Kasese walihoji watoto kuliko forodha ya Mpondwe inavyohoji magunia.

Na hapo ndipo sisi Wakonzo majina yetu yanapotuharibia. Kwetu wavulana wa mama mmoja hupewa majina kwa foleni: Mumbere, halafu Bwambale, Masereka, Kule, halafu Thembo. Wasichana wana foleni yao. Mimi ni Thembo. Ukisikia tu jina langu unajua kwamba mbele yangu kuna wavulana wanne ambao tayari wamekula paja la kuku, na kwamba suruali hii ina historia ndefu. Mama yangu anaitwa Mama Mumbere, kama mama yeyote anavyoitwa kwa jina la mtoto wake mkubwa. Sasa jaribu kumdanganya mwenye nyumba Mkonzo kwamba una mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe anaitwa Kule! Ng'ambo ya mpaka ni majina yaleyale, ila wao huyavalisha kofia: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo.

Likizo hii nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Mpondwe. Nililala kwa shangazi Bwera, na mchana nilisimama pale malori ya Kongo yanaposimama, nikiwanasa wateja wa Kasese kabla madalali wengine hawajawaona. Huko ndiko nilikojifunza kusema "beko wapi" badala ya "wako wapi", na "mutoto", bila kucheka. Na huko ndiko nilikomwona mama mmoja wa kutoka upande wa Butembo akishuka na kichwa cha cherehani mgongoni, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto, huku mtoto mwenyewe akitembea kwa miguu.

"Mama, umebeba asiyetembea ukamwacha anayetembea," nikamwambia.

"Huyu wa chuma ndiye anatulisha," akanijibu. "Wewe unalisha nani?"

Nikampenda hapohapo. Aliitwa Mama Kakule, na kale kavulana ka miaka kama mitano ndiko Kakule. Mwenye duka la vitambaa Kasese alikuwa amemwahidi nafasi ya kushonea barazani. Kilichokosekana ni chumba. Nikapanda naye lori hadi Kasese. Parokia ilimpa darasa moja alale, yeye na mwanawe na cherehani, lakini katekista akamwambia wazi: Jumatatu shule inafunguliwa, watoto wanataka madawati yao. Asipopata mlango kabla ya hapo, angepanda tena lori kurudi mpakani, na nyuma ya mpaka hakuwa na paa lililobaki. Mimi nami Jumatatu ndiyo siku yangu ya kurudi darasani. Kwa hiyo mimi nilikuwa naingia na yeye anatoka, nikaona si haki.

Afande alimpokea kwa saluti. Tukaanza kuonyesha sura. Mwenye nyumba wa kwanza aliipenda cherehani, akampenda na mama, akainama kwa mtoto.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Kakule!"

Akasimama wima kama aliyeumwa na siafu. "Kakule? Na wale wa mbele yake? Lori lao linafika lini?"

"Niko na huyu tu," alisema Mama Kakule.

"Wote husema hivyo."

Ilikuwa vilevile mlango wa pili, na wa tatu, na wa karibu na stesheni ambao hata mlango haukuwa nao. Kila mara mama alisema niko na huyu tu, kisha akajifunga kitenge na kuondoka. Mimi na Afande hatukumwamini hata kidogo. Tulidhani anao wengine kwa dada yake mahali fulani, wamekaa juu ya magunia wakingoja ishara, na wala hatukumlaumu. Nilimuuliza njiani, "Mama, hao watatu umewaficha ndani ya cherehani?" Aliniangalia, akaniwekea mkono kichwani kidogo, akauondoa. Nilifikiri ni joto la Kasese.

Ijumaa nilinusa chumba cha mwisho. Kilikuwa cha Mama Bwambale, mjane mwenye safu ya vyumba vitano na ulimi wa kuvilinda vyote. Kila mpangaji mpya alisomewa sheria zake, naye alizisoma kwa mpangilio uleule kama Baba Yetu: kutwanga jioni hapana, kuku ndani hapana, sigiri ndani hapana, watoto wengi hapana, redio ya kilevi hapana. Mpaka leo sijui redio ya kilevi ni ipi.

Nikamwambia Afande, "Tumbadilishe mtoto jina. Kwa saa moja tu awe Mumbere. Mumbere hana wa mbele yake."

"Kuruti," akasema, "hiyo ni akili ya vita."

Nikamchukua Kakule nyuma ya parokia na kabalagala za kutosha, zile chapati ndogo tamu za ndizi. Kwa kila Mumbere moja, kabalagala moja. "Jina lako nani?" "Kakule." Hakuna kitu. "Jina lako nani?" "Mumbere." Haya, kula. Kufikia kabalagala ya nne alikuwa anajiita Mumbere kabla sijauliza, mdomo umejaa. Mama yake hatukumwambia, tukijua wakubwa wana tabia ya kusema kweli mahali pabaya.

Jumamosi tukasimama mbele ya Mama Bwambale. Alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage. Afande akabana visigino, akamsifu fundi wa kushona na tabia zake, akasifu hata cherehani kwamba hainywi pombe. Mama Bwambale akasikiliza, halafu akamvuta mtoto kwa kidole.

"Na wewe mzee, unaitwa nani?"

Akanitazama mimi kwanza, akitafuta kabalagala. "Mumbere!"

Uso wa Mama Bwambale ukafunguka. Mkono wangu tayari ulikuwa ndani ya mfuko wa kufuli.

"Hapana," alisema Mama Kakule.

Alisema taratibu, lakini hata maharage yalinyamaza. Akamgeuza mtoto amtazame. "Wewe si Mumbere. Mumbere ni mukubwa yako. Usichukue jina yake." Kisha akamwambia mwenye nyumba, "Huyu ni Kakule, mama. Sijui nani alimufundisha."

Afande alitazama baiskeli. Mimi nilitazama mahali ambapo viatu vyangu vingekuwa.

"Kakule," alisema Mama Bwambale, na uso ukafungwa kama duka. "Kwa hiyo kuna Mumbere, na Kambale, na Kasereka. Beko wapi hao? Wanakuja na lori la jioni?"

Mama Kakule alikuwa ameshaanza kujifunga kitenge. Mkono ukasimama kwenye fundo.

"Wewe, mama, banakuita nani hapa?"

"Mama Bwambale. Mji wote unanijua."

"Mama Bwambale." Akalirudia jina kama anayepima kitambaa. "Na Mumbere yako? Yeye eko wapi?"

Nimeishi mji mmoja na mwanamke yule likizo zote za maisha yangu. Nimemwita Mama Bwambale nikiomba maji, nikiiba mapera yake, nikiigiza sheria zake shuleni mkaanguka kwa kicheko. Sikuwahi kujiuliza kwa nini haitwi kwa jina la mkubwa wake. Mimi, Thembo, bingwa wa foleni.

Mama Bwambale aliweka ungo chini.

"Surua," akasema. "Alikuwa ameanza kutembea."

"Wangu wawili ni vita," alisema Mama Kakule. "Kasereka ni homa, katika njia. Tulimuzika karibu na mto."

Kakule alikuwa ameokota harage lililodondoka, akamrudishia mwenyewe ungoni. Afande alikuwa amevua kofia na kusimama kama nilivyomwona akisimama bendera inaposhushwa. Mimi sikuwa na utani hata mmoja. Nilitafuta, niaminini, hata ule wa zamani wa ngege.

Mama Bwambale akainuka, akatangulia mpaka mlango wa mwisho wa safu, akausukuma wazi. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya chokaa. Akaanza sheria zake, mgongo umetugeukia.

"Kutwanga jioni hapana. Kuku ndani hapana. Sigiri ndani hapana." Hapo akaruka moja. "Redio ya kilevi hapana. Cherehani, ushone mchana, usiku ninalala." Halafu akageuka. "Thembo, wewe mwizi wa mapera, unangoja nini? Leta kufuli."

Nikatia kufuli. Ndiyo ya mwisho niliyotia.

Afande alinistaafisha hapohapo njiani, kwa filimbi moja ndefu. "Kuruti, shule Jumatatu," akasema. "Na ile akili ya vita, usimfundishe mutu." Kisha akaniita mwanangu, jambo ambalo halimo katika kanuni za kazi, akanipakia nyuma ya baiskeli hadi kwenye gari la kupanda mlimani kwetu Kyondo.

Mnaniuliza nimevuna nini katika kazi hiyo. Najua kunusa. Najua Kiswahili cha pande tatu: cha shule, cha jeshini na cha Kongo. Nikisikia jina la mtu sasa, huwa nangoja kidogo kabla ya kucheka.

Jumapili Mama alichinja jogoo kwa ajili ya safari yangu ya shule. Tukaketi wote kuzunguka sinia, nami nikawahesabu kimyakimya: Mumbere, Bwambale, Masereka, Kule. Wote walikuwepo. Mumbere akachukua paja, Bwambale akachukua paja la pili, Masereka na Kule wakagombania kifua mpaka mchuzi ukanirukia usoni, na ilipofika zamu ya Thembo palikuwa pamebaki shingo.

Nikaila yote. Mama akaniuliza kama ninaumwa, kwa kuwa sijalalamika.