Mkanda Nilioanika na Dagaa

Sanduku la baba likifunguliwa lilitoa harufu ya ngozi kuukuu, mafuta ya cherehani na dagaa, maana Ujiji kwetu kila kitu kilinuka dagaa, hata shuka za bibi harusi. Ndani zilipangwa kamera. Baba alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini Kigoma, na wazungu waliokuwa wakifunga virago walimwachia vitu walivyoona vizito: kamera za kukunjua, mashine ya kuonyeshea sinema ukutani, na kamera moja ndogo ya kupigia sinema, iliyojazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Wenzake waliomba masufuria, yeye aliomba kamera. Shangazi, dada yake aliyetulea baada ya mama kufa, hakumwacha apumue. "Kaka, wenzako wanaoa, wewe unalea sanduku!" Baba alicheka tu, akaendelea kufuta lenzi kwa pindo la msuli.

Nilipokuwa na miaka tisa masika yalikuwa mabaya. Mvua ilipiga hadi kuta zikatoka jasho. Ukungu uliota kwenye kamera kama unga wa muhogo. Baba anafuta leo, kesho umerudi. Nilimwonea huruma. Basi siku alipokwenda msibani Kidahwe, jua likatoka. Wanawake walikimbilia ufukweni na beseni za dagaa walioanza kuvunda, kila mmoja akigombea mchanga wake. Kwetu ziwani kitu chenye unyevu dawa yake ni hiyo moja: unakitoa nje, unakitandaza, unakigeuza. Nami nikatoa. Nilizifungua kamera zote matumbo, nikazipanga mkekani. Ndani ya ile ndogo ya sinema kulikuwa na mkanda. Nikauvuta wote, nikautandaza pembeni ya dagaa wa shangazi, nikauwekea vijiwe upepo usiuchukue. Kila nilipogeuza dagaa, niliugeuza na mkanda.

"We binti, dagaa gani hao warefu hivyo?" mama mmoja akaniuliza.

"Wa Ulaya!" nikamjibu, wakacheka ufukwe mzima.

Baba aliporudi alasiri nilimkimbilia nikitaka sifa. Alisimama mbele ya ule mkanda, kisha akakaa mchangani na kanzu yake ya msibani.

"Nani kauvuta huu?"

"Mimi, baba. Ulikuwa na unyevu."

Hakunipiga. Aliniambia taratibu kwamba mkanda ambao haujasafishwa ukiona jua umekufa, na huu aliutunza miaka yote akitafuta mtu wa kuupeleka Ulaya ukasafishwe. Ndani alikuwemo mama, akipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, akimcheka yeye na kamera yake. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Picha yake tuliyokuwa nayo ni moja, amesimama wima kama askari. Alivyotembea, sikumbuki.

"Kamuua mara ya pili," shangazi akasema.

"Dada, funga mdomo."

Asubuhi yake nilimwuliza mama alitembeaje. Baba yangu, mwanamume wa kubeba magunia mawili, akajitwika ndoo tupu akatembea uani, bega la kushoto chini kidogo, mkono mmoja ukirushwa kama anayefukuza kuku. Shangazi akatoka jikoni tayari kumsema. Akamwangalia, akajifunika uso kwa kanga. "Ndivyo," akasema. "Ndivyo hasa."

Leo kamera ziko kabatini kwangu, Buzebazeba. Nimeongeza nyingine nane. Watumishi wakihamishwa mikoa mingine huniletea, wanajua kuna bibi aliyeishia darasa la nne anayezitaka. Nimechoka nazo. Kila masika nafuta ukungu ule ule, na vidole havikunjiki tena. Mjukuu wangu Zuhura, mwalimu wa sekondari, na kwa hilo najivuna mchana kweupe, hunipiga video kwa simu nikila, nikisali, nikimgombeza. Anazo mamia, na mwenyewe hazitazami. Juzi alinionyesha moja, natoka bombani. Nikamwambia airudie. Akairudia mara nne, akidhani nafurahia kujiona. Mimi nilikuwa namtafuta mama begani. Sikumwona. Niliona kikongwe mnene mwenye magoti mabovu.

"Bibi, umekunja uso. Niifute?"

"Usiifute," nikamwambia. "Utazaa, wewe. Watakuja kuuliza."